Adve na herufi zinazosomeka

Jamani, nimeandika na kufuta hapa tangu asubuhi, kwa sababu kila nikifika kwenye neno "marehemu" vidole vinagoma. Adventina, Adve wetu wa chumba cha kompyuta, tulimzika juzi kwao Nyakasimbi. Mimi bado nasubiri aingie anikosoe font.

Kwa wasiomjua: tulikuwa naye kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa huku Karagwe. Mimi fundi wa mashine, yeye mwalimu wa wanaozitumia. Kompyuta zetu ni za msaada, wazee watupu, na tunaziendesha kwa mfumo wa Linux kwa sababu ndiyo pekee isiyozilalamikia.

Ukisema Adve alikuwa mgomvi watu wanakataa, maana muda wote alikuwa anacheka. Lakini mwonyeshe skrini yenye herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe, utamjua. "Aliyepanga hii ana macho ya mwewe," atasema, "na hajawahi kufanya kazi dirishani mchana."

Mimi napenda theme nyeusi, kila kitu giza, maandishi ya kijani. Yeye aliiita jiko la kuni. Kila akipita nyuma yangu: "Kaka, moshi haukuumizi?"

Sasa Ma Yustina, karani wetu wa mapokezi ya kahawa, yuko pale tangu enzi za mizani ya mawe. Tulipohamia kwenye kompyuta akaanza kukosea namba za wanachama, zile zilizochanganya herufi na tarakimu. Sifuri anaiona O. Wakubwa wakaanza kunong'ona, na mama mwenyewe akatuambia, "Waitu, jamani wenzangu, niacheni nikalime. Akili imezeeka."

Adve hakubishana naye. "Shikamoo Ma, nipishe kidogo." Akakaa kwenye kile kiti, akainamisha kichwa vilevile mama anavyokiinamisha, akatazama. Kisha akasema, "Ma, akili yako haina tatizo. Hata mimi sioni kitu."

Akakuza herufi. Akachagua font ambayo sifuri ina kitone ndani na moja ina mguu. Akaweka maandishi meusi kwelikweli, akapunguza ule mwanga mweupe unaochoma. Ma Yustina akasoma namba moja kwa sauti, akasoma nyingine, akaendelea tu kusoma hata ambazo hakuna aliyemwuliza. Habari za kwenda kulima ziliishia hapo.

Msidhani alikuwa hakosei. Siku ya kwanza ya msimu uliopita alikuza herufi kwenye mashine zote, mpaka kitufe cha OK kikatokea nje ya skrini. Nje wakulima na magunia yao, ndani dirisha halifungiki.

Baba mmoja wa Rugera akauliza kama hiyo OK imekwenda Kyerwa, basi tuambiwe itarudi na gari la saa ngapi. Adve alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye tukagundua kwamba ukishika kitufe cha Alt unaweza kuburuta dirisha lote juu, na OK ikajitokeza. Nimemtania kwa hilo mpaka wodini.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa mmoja. Alitaka mipangilio yake iwe default, kila anayefunguliwa akaunti mpya aikute tayari. Mimi nikasema default ni default, asiyeona aje aombe tumrekebishie.

Akanitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Kaka, kwenu mgeni akifika, mnamwuliza kama anataka akamwani?"

Kwa mlio mbali: akamwani ni kahawa ya kutafuna. Huku kwetu mgeni akishakaa tu, inawekwa mbele yake. Mwenyeji anayesubiri kuombwa, jina lake linaharibika kijiji kizima.

"Basi na macho ni hivyohivyo," akasema. "Ma Yustina alikuwa tayari kuacha kazi kuliko kuomba."

Nilikataa hata hivyo, ubishi tu. Wiki ile nikasafiri kwenda Bukoba, nikamwachia password ili afunge printa mpya. Niliporudi hakuligusia tena, nikajua nimeshinda.

Alipougua hatukuogopa sana, tulizoea kwamba Adve akiugua anapona. Safari hii hakupona. Nalisema kwa kifupi kwa sababu kwa kirefu linaniumiza.

Jana nimerudi ofisini, nakuta mashine ya Ma Yustina haiwaki kabisa, na kahawa inaanza kuingia. Mama amekaa na mkoba mapajani kama msafiri. Nikamwambia nitamfungulia akaunti kwenye mashine nyingine. Akaniuliza polepole, "Na yale maandishi ya Adve nitayapata wapi? Au ndiyo nirudi shambani?"

Settings najua zilipo. Alivyozipanga yeye ndiyo sijui. Nikafungua akaunti huku nimemgeuzia mgongo, asione uso wangu.

Skrini ikawaka. Herufi kubwa, nyeusi. Sifuri ina kitone. Mwanga wa upole, na nyuma yake picha ya migomba ya kwao Nyakasimbi.

Alikuwa ameshaiweka kwenye default. Nimekagua mashine zote, amepita kila mahali. Kumbe wiki ile ya Bukoba hakufunga printa tu, na akaniacha nijione mshindi.

Ma Yustina akasogeza kiti karibu na skrini. "Alishanitengea," akasema. Akaweka mkoba chini, akaita mkulima wa kwanza.

Ile theme yangu nyeusi nimeiondoa leo. Naandika haya kwa herufi zake, na naona vizuri pale machozi yanaponiruhusu.

Adve dada yangu, ubishi umeushinda. Yeyote atakayekaa hapa kwa mara ya kwanza atakuta umeshamkaribisha, hata kama hatajua ni nani. Lala sasa, mwalimu. Mwanga umeshapunguzwa.