Tundu Kwenye Seng'enge ya Uwanja

Seng'enge ya uwanja wetu mdogo wa ndege ilikuwa ikikatwa mahali palepale kila mara, na mimi niliyekuwa askari wa uwanja nilimjua vizuri aliyepita hapo. Alikuwa mama yangu mzazi. Yeye na mdogo wake waliolewa pande mbili za uwanja, na njia iliyonyooka kutoka jiko la mmoja hadi la mwenzake ilikatiza lami ya ndege. Kuzunguka kwa barabara kulimla asubuhi nzima, maana magoti yalikuwa yameanza kumgomea.

Siku hizo nilikuwa mtu wa hasira, na si kwa mama peke yake. Watu walianika mahindi kwenye lami kwa sababu inashika joto. Walifunga ng'ombe kandokando yake. Ukiwauliza, wanakujibu kwamba kwani ndege yenyewe inakuja lini. Kwa maoni yangu hatari ilikuwa hapo hasa. Ndege ingekuwa inatua kila saa, hata kuku wangejifunza kukaa mbali. Yetu ilikuja ilipotaka, leo ikitokea upande huu, kesho ule, kufuatana na upepo, na ikishuka injini hupunguzwa hata usiisikie mpaka iko juu ya kichwa chako. Mimi mwenyewe mara nyingine nilipigiwa simu ikiwa tayari inaonekana.

Siku iliyonimaliza, mama alikuwa katikati ya lami na kikapu cha kunde alizomchumia mdogo wake. Upepo ulikuwa unapeleka sauti kwingine. Niliona magurudumu ya ndege, nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na yeye anatembea tu, polepole, macho mbele. Rubani alimwona ikiwa imebaki kidogo sana, akainua ndege ikampita juu, na kitambaa chake cha kichwa kikapeperuka. Niliketi kwenye nyasi nikalia, mtu mzima na sare yangu.

Baada ya hapo sikutaka mchezo. Tuliongea kanisani na kwenye baraza la chifu. Tukapata king'ora, tukadai tupigiwe simu mapema, na njia ya miguu ikalimwa kuzunguka mwisho wa uwanja, fupi kuliko barabara lakini bado ndefu kwa magoti yale. Tundu nililiziba mwenyewe. Mama alisimama akinitazama nikikaza waya, akaniuliza kama najua nimemfungia nani.

Basi akawa anazunguka. Alikokuwa akienda kila siku akawa anaenda Jumapili, na mara nyingine hata Jumapili ikampita. Mama mdogo akaugua, na siku zake nyingi za mwisho dada yake hakuwa kando ya kitanda. Inaniuma mpaka leo, ingawa tundu lile ningeliziba tena.

Mama mdogo alipofariki, waombolezaji wa upande wetu walikusanyika kwetu ili twende kumlilia. Ngoma za isukuti zilitangulia, watu wakicheza na kulia, na msafara ukaenda moja kwa moja hadi kwenye seng'enge. Mwanamume mmoja akatoa koleo. Nilisimama mbele yao nikiwaambia kuna ndege inayotarajiwa asubuhi hiyo. Kwa kelele zile hawakunisikia hata mimi niliyekuwa karibu, sembuse ndege.

Mama alipenya katikati yao, akauegemeza mgongo kwenye waya mahali palipokuwa na tundu lake, akainua fimbo. Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Huyo ni mdogo wangu," alisema. "Akiwa hai nilizungukanga na haya magoti kumwona. Na nyinyi mtazunguka."

Akashika njia ya miguu. Tulimfuata kwa mwendo wake, ngoma zikiwa begani, na asubuhi iliisha kabla hatujafika.