Kitenge cha Majogoo Kwenye Picha ya Warusi

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kanisa letu la Wakongo lilikuwa likikodi ukumbi kule Jordbro, kitongoji cha Waswidi, jirani na maghala. Jumapili asubuhi waliutumia Warusi Waorthodoksi, mchana sisi. Wao husali wamesimama, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwahi na kupanga viti. Wakiondoka waliacha ukutani picha kubwa ya Mama wa Yesu, nzito mno kubebwa kila wiki. Aliyeichora alikuwa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mkazi wa kitongoji cha Rissne.

Mchungaji wetu hakuipenda.

"Mama, ile picha inaniangalia sana nikihubiri," aliniambia. "Tafuta kitu uifunike."

Nikaleta kitenge changu cha kijani chenye majogoo. Kila Jumapili niliifunika kabla ya ibada, nikaifunua baadaye. Ila siku moja, kwa kukimbilia treni, nikasahau kukitoa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta yule bibi ananisubiri mlangoni, kitenge kimekunjwa mkononi. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante," alisema kwa Kiswidi chake kizito. "Bibi yangu alikuwa anaivisha picha yake vitambaa alivyotarizi mwenyewe. Sikujua kwamba na nyinyi mnafanya hivyo."

Nilicheka kijinga, nikaenda kupanga viti. Lakini wiki nzima sikuwa na raha. Jumapili nyingine nikaenda mapema zaidi, nikakuta ibada yao bado inaendelea. Nikasimama nyuma, nikidhani wanamaliza. Nilisimama mpaka miguu ikawaka moto. Walipokaa kunywa chai, nikamfuata yule bibi.

"Hatukuivisha," nikamwambia. "Tuliificha."

Alikoroga chai yake.

"Wale majogoo walinishangaza kidogo," alisema, kisha akacheka hadi akatoa leso.

Ndipo akanisimulia. Zamani, alisema, mtawala wao kule Kiev alitaka dini kwa ajili ya watu wake, akatuma wajumbe huku na huku. Waislamu wangewanyima pombe, ikashindikana. Wajumbe walipofika kwa Wagiriki na kuona kanisa linavyong'aa, walirudi wamepagawa na uzuri. Mtawala akasema basi, ni hii.

"Yaani mlichagua dini kwa macho?"

"Kwa macho. Mrusi ukimpa hoja atabisha. Mwonyeshe kitu kizuri, atalia." Kisha akaongeza, "Baadaye wavamizi walikuja wakachoma miji yetu, na wachoraji wakaendelea kuchora. Kuvumilia tulijifunzia pale, mbele ya picha. Wakati mwingine naona tulijifunza kupita kiasi. Na nyinyi je, mlichagua kwa kipi?"

Nilimkumbuka bibi yangu wa Bukavu, aliyeingia kanisani mara ya kwanza kwa kufuata kwaya.

"Kwa masikio," nikasema.

"Basi leo nabaki nisikie."

Akabaki kweli, kiti cha mbele, kilemba kichwani. Picha sikuifunika. Mchungaji alinitazama, mimi nikatazama kwaya. Kwaya ilipoanza, bibi akalia tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Baada ya ibada mchungaji alikwenda kumsalimia, bibi akamwambia wazi kwamba akihubiri anapiga kelele mno. Mchungaji akavuta kiti, akaketi, akamuuliza habari za wale wajumbe, na wawili hao wakabishana kwa Kiswidi kibovu mpaka mwenye funguo akaja kufunga.

"Mama, usiifunike tena," aliniambia mchungaji wiki iliyofuata. "Nimeanza kuyazoea macho yake."

Kitenge nikampa bibi. Alikitundika kuzunguka fremu kama wanavyofanya kwao, uso wazi, majogoo kila upande. Nasikia baadhi ya Warusi walilalamika. Aliwajibu kwa Kirusi, maneno machache tu, na hakuna aliyelisema tena jambo hilo.