Ulimi Mweupe wa Kiptanui

Priscah alikuwa mwanamke wa wivu, na hakuona haja ya kuuficha. Wako wanaoona wivu moyoni huku wakitabasamu usoni. Yeye hakuwa na subira hiyo. Pale kijijini kwao, mwendo mfupi kutoka Kapkatet, wanawake walikuwa wamejifunza kumsalimia yeye kwanza kabla ya kumsalimia mumewe. Mama mmoja aliyekuwa akipitapita akiuza sabuni alicheka na Kiptanui zaidi ya ilivyohitajika kuuza sabuni, na tangu siku hiyo boma lile lilifua kwa sabuni ya dukani. Watani walisema hata ng'ombe wa nyumbani Priscah alimkamua mwenyewe ili asije akamzoea mzee.

Tumtendee haki lakini. Alikuwa na cha kulinda. Kiptanui alikuwa mtu wa boila, wa kuchochea kuni za mvuke katika kiwanda cha majani chai, mrefu, mpole, asiyejua kusema hapana, na akicheka, meno yake yote yanakuchekea. Priscah mwenyewe hakujiona mrembo. Alichojivunia ni mursik yake, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Alikuwa akikisugua kibuyu kwa ndani na makaa ya mti wa senetwet hadi kiwe cheusi tititi, anatia maziwa, anayaacha yagande taratibu, na yakimiminwa yanatoka mazito, ya rangi ya kijivu, yana harufu ya moshi. Wageni wa harusi na wa kanisani waliyasifu. Na kwa watu wake, mume anayerudi kutoka kazini akaikataa mursik ya mkewe amesema neno zito bila kufungua kinywa.

Mwaka wa tisini na sita Kiptanui alianza kulisema neno hilo.

Kwanza alikunywa nusu kikombe. Baadaye akawa anaonja tu na kukiweka chini. "Nimeshiba, Mama Cheptoo," alisema, na Cheptoo, binti yao, alikuwa darasa la tatu na hata yeye alijua baba hajala kitu. Halafu akaanza kukonda. Mshipi ukaongezwa tundu kwa msumari. Maji alikunywa bila kukoma, na kutoka kwenda chooni kukawa safari baada ya safari. Mke mwingine angeuliza kama mtu anaumwa. Priscah aliuliza ni nani anayemfanya mwanamume wa miaka arobaini na mitano apunguze tumbo.

Kisha akaona kwamba mumewe siku hizi anazungumza mkono ukiwa mdomoni, na kicheko kile cha meno yote hakipo. Dalili ya mvua ni mawingu. Akangoja.

Jumapili moja baada ya ibada Kiptanui alisinzia kitini, akapiga miayo bila kujifunika, na Priscah akaona. Ulimi ulikuwa mweupe. Ndani ya mashavu mlikuwa na mabonge meupe, kama ya mtu aliyetoka kunywa maziwa ya mgando sasa hivi hata hajasuuza kinywa.

Maziwa. Na meupe! Priscah alisimama pale ameshika sufuria, na wivu ulimpanda hadi masikio yakawa moto. Maziwa yake yeye ni ya kijivu. Ya jirani ni ya kijivu. Ya mama mkwe, ya shangazi, ya boma lolote upande ule, yote yamepitia kibuyu cha makaa. Basi ni nani anayemnywesha mume wake maziwa meupe?

Jibu halikumchukua muda. Nje ya geti la kiwanda kulikuwa na kibanda cha Aoko, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, mjane, mwenye sauti ya kuimbia kwaya na mikono minene ya kukanda chapati. Aliuza chai, chapati, na maziwa ya mgando kwa wafanyakazi waliotoka kwao ziwani. Na watu wa ziwani hawatii makaa.

Priscah hakwenda kupigana siku hiyo. Alikuwa mjanja zaidi ya hapo. Kama mzee amevutwa kwa mdomo, atarudishwa kwa mdomo. Alinunua asali kwa mtu aliyeileta kutoka misitu ya Londiani, akaikoroga ndani ya mursik, jambo ambalo mama yake angelilia. Chai ikatiwa sukari hadi kijiko kikasita. Ndizi zikaivishwa zikawekwa mbele ya mzee kila jioni. Akaketi mkabala naye na kumtazama akimeza.

Kiptanui alimeza. Alikunywa kikombe kizima, na machozi yakamlengalenga. Priscah akayaona machozi yale akafurahi, maana aliyafahamu kuwa ni ya mtu anayesutwa na dhamira. Akaongeza asali.

Baada ya wiki chache hivi za utamu, fizi za Kiptanui zikavimba na kutoa damu, na jino moja la nyuma likaanza kulegea. Shavu likavimba. Bado alikwenda kazini, na bado alirudi na ulimi mweupe, mweupe kuliko mwanzo. Hapo subira ya Priscah ikaisha. Asubuhi moja alijifunga leso kiunoni, akaenda hadi kiwandani, akajibanza kando ya shamba la chai mkabala na kibanda, na kungoja watu wa boila watoke kwa mapumziko.

Kiptanui alitoka. Alikwenda moja kwa moja kibandani. Aoko hakumwuliza lolote, alimnyoshea jagi tu, kama mtu anayejua desturi ya mwenziwe, na kujua kule ndiko kulikomchoma Priscah kuliko jagi lenyewe. Mumewe akanywa kichwa kikiwa nyuma, akapangusa mdomo, akarudi zake ndani.

Priscah akatokea, akalinyakua jagi juu ya meza na kuchungulia. Lilikuwa limebaki tone. Akaonja kwa kidole.

"Ni maji, Mama Cheptoo," Aoko alisema. "Keti basi."

"Sikuja kukaa. Maziwa unampea saa ngapi?"

"Maziwa gani? Huyo mzee wako hata chai yangu aliacha. Chapati anasema inamkwaruza. Ni maji tu, jagi nzima, halafu anarudi ingine." Aoko alipunguza sauti, maana watu walikuwa wanasogea. "Mama, umemwangalia mdomo? Mama yangu alianza hivyo hivyo. Kiu haiishi, mwili unaisha, mdomo unakuwa mweupe ndani. Ilikuwa ugonjwa wa sukari. Sisi tulichelewa. Wewe mpeleke hospitali."

"Na wewe mdomo wa bwana yangu uliuonea wapi?"

"Anaongea akishika shavu, dada. Geti yote inaona."

Geti lote. Priscah aliondoka pale amevimba kuliko shavu la mumewe. Alikuwa amekuja kumkuta mwizi, akakuta kwamba mwanamke mwingine amemsoma mume wake kabla yake. Wivu wa maziwa ulikwisha njiani. Huu mwingine ulimfuata hadi nyumbani, na ndio uliomfanya amtoe Kiptanui kazini kesho yake na kumpeleka hospitali ya Kapkatet bila kumpa nafasi ya kubishana. Kama ni kujua, basi atajua yeye mkewe.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mosoti, Mkisii mwenye haraka ya mikono lakini si ya maneno. Alipima mkojo, akapima damu, akamulika kinywa kwa tochi. Akakwangua ule weupe kwa kijiti, na chini yake pakabaki pekundu panapovuja damu. Priscah alitazama. Maziwa hayafanyi hivyo.

"Hii ni kuvu, inamea kama ile ya mkate uliokaa," daktari alisema. "Na sukari yako, mzee, imepanda sana. Hivyo vitu viwili ni ndugu."

"Ndugu aje?" Priscah aliuliza.

"Kinywa cha kila mtu kina wadudu. Mate ndiyo yanawaosha na kuwapunguza. Sasa mtu wa kisukari mate yake yanakauka, na hayo kidogo yanabaki yana sukari, kwa hivyo badala ya kuua wadudu yanawalisha. Pale kiwandani mko na askari kwa geti, sindio? Damu pia iko na askari wake. Sukari ikizidi wanalegea, wanafika wamechelewa, na kidonda hakiponi. Ndio unaona fizi zimeoza na jino linacheza. Na hiyo fizi ikiwa mbaya, nayo inapandisha sukari zaidi." Akazima tochi. "Nyumbani anakula nini?"

Kiptanui alitazama dari.

"Asali," Priscah akasema mwenyewe. "Kwa mursik. Na kwa chai sukari mingi. Na ndizi."

"Asali haikuleta huu ugonjwa, mama. Ulikuwepo. Lakini ulikuwa unaongeza kuni."

Mtu wa boila alielewa neno hilo vizuri kuliko yeyote. Hata hivyo hakumtazama mkewe kwa ubaya. Walipotoka nje na vidonge vyao, na kichupa cha ile dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni, Priscah alimgeukia kwenye nyasi za hospitali, hasira zimemrudia kwa sababu ya aibu.

"Baba Cheptoo, mdomo inaoza na wewe unanyamaza? Unameza asali ukilia, na hausemi inakuuma?"

Kiptanui alishika shavu lake. "Ningesema mursik yako inaniuma," alisema polepole, "ungeniuliza ni ya nani hainiumi."

Priscah akakifunga kichupa kwenye ncha ya leso, wakashika njia ya nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, ila hawakusema kitu juu ya yule anayemfanya mwenziwe ayafiche.

Jino lile liling'olewa, na jingine baadaye. Sukari na asali zikafungwa kabatini. Jioni Priscah alimketisha mumewe karibu na dirisha, akamwambia atoe ulimi, akaupaka zambarau kwa pamba. Majirani walicheka kwamba sasa amepata mhuri wa kumpiga mzee, mwanamke akimgusa atajulikana kwa rangi ya midomo, na Priscah hakukana, kwa kuwa wazo hilo lilikuwa limeshampitia.

Weupe ulipungua hadi ukaisha. Ndipo alipokisugua kibuyu kwa makaa, akaacha mursik igande bila kuichanganya na chochote, akamimina robo kikombe kama daktari alivyoruhusu, na kuketi mkabala na mumewe kama zamani. Kiptanui alikunywa. Uso ukakunjamana kidogo.

"Inauma?" Priscah aliuliza.

Akamtazama mkewe, akipima.

"Inauma," akasema.

Priscah akanyosha mkono, akakichukua kile kikombe, akaimaliza mursik mwenyewe, na hakuuliza swali lingine.