Lori la Baba na Kwelea wa Mpungani

Yule muuzaji wa magari hakuwahi kukanyaga Ifakara wakati wa masika. Mjinga hakuwa. Miaka ile ya hamsini alikuja mpunga ukishavunwa, barabara ya Mchombe imekauka, kila mtu anatafuta gari la kusombea magunia. Alipanga malori yake sokoni, akakaa kula wali wetu, akingoja wanaume wajilete wenyewe.

Wakajileta kweli, baba yangu mbele. Kihenge chote cha mpunga kikatangulizwa kuwa malipo, mengine angelipa polepole kwa kazi ya lori. Mama akamwuliza litabeba nini mvua ikianza. Akajibiwa kwamba wanawake hawajui biashara. Eti biashara! Dereva aliyemwajiri alimwita "tajiri", basi kichwa kikamvimba, akawa anawaamkia wazee shikamoo huku amekaa. Kumbe na wenzake wamenunua, malori yakawa mengi kuliko magunia.

Masika yakaingia. Mto Lumemo ukafurika, barabara ikawa tope tupu, na watu wote, kama kila mwaka, wakahamia mashambani kulinda mpunga. Baba akagoma. Tajiri hawezi kukaa juu ya dungu kufukuza ndege, alisema. Akabaki mjini analinda lori lisilokwenda popote, analipangusa kila asubuhi. Analipangusa, na mvua inanyesha!

Dunguni tukawa mama na mimi, binti yake, kwenye shamba la kulindwa na watu wanne. Kwelea tukiwafukuza huku, wanatua kule. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tulichovuna hakikufika hata nusu ya kihenge, tukala ugali wa muhogo wa kuomba kwa shangazi. Hasira ile ninayo mpaka leo, Mungu amrehemu baba.

Kiangazi muuzaji akarudi, akalichukua lori kwa kuwa halikulipiwa. Akalipaka rangi ya kijani, akaliweka palepale sokoni. Jirani yetu akalinunua. Baba alilitambua kwa kibonyeo cha mlangoni, alichokitia mwenyewe, lakini akampa jirani mkono wa hongera.

Mama akamwuliza kwa nini hakumwonya.

"Mwache," baba akasema. "Na yeye aitwe tajiri."

Mama akajitanda kanga, akakimbilia kwa mke wa jirani. Alimkuta amekaa kando ya kihenge kitupu, anatabasamu. Kuanzia leo, akamwambia mama, mniite mke wa tajiri.