Blanketi la Vestina

Mzee Romanus wa kijiji cha Yakobi kwenye baridi kali alikuwa hajawahi kuvuka mji wa Makambako, na hakuamini kama kuna mahali duniani pasipo na baridi. Mwaka 1994 bintiye Vestina alipochaguliwa kwenda kidato cha tano Tanga, alimfungashia blanketi zito na sweta mbili.

"Baba, Tanga kuna joto."

"Nani kakudanganya? Mwanangu hatakufa kwa baridi ugenini!" alifoka, akaubeba mzigo mwenyewe hadi stendi.

Baada ya mwezi barua ikafika: "Baba, huku hata shuka hatujifuniki. Blanketi nimelifanya mto. Bado linanukia moshi wa jikoni kwetu."

Romanus akaisoma mara tatu, akapenga kamasi, kisha akamtambia mkewe: "Si nilisema atalihitaji?"