Makaa ya Kuazima

Juzi pale Hamugembe nilimwona binti akizungusha kindoo cha maji juu ya kichwa chake bila tone kumwagika. Harufu ya moshi ikanirudia.

Siku moja nilipokuwa mtoto, kijijini Izimbya, mama alikuwa amenituma kuazima moto kwa jirani. Niliyabeba makaa kwenye kopo lenye mshikio wa waya, nikilizungusha kwa nguvu yasizimike. Kopo lilivuma, makaa yakapita juu yangu yakiwa mekundu, wala halikudondoka hata kaa moja. Niliamini yananiogopa.

Katikati ya migomba nikakutana na Bibi, mama yake baba. Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Nikapunguza kasi ya mkono ili nipige magoti. Kopo likalegea likiwa juu, kaa moja likachomoka, likapita karibu na sikio langu na kutua kwenye majani makavu ya migomba. Moshi ukaanza kupanda.

“Usisimame!” Bibi alifoka, akilikanyaga lile kaa. “Zungusha! Salamu itasubiri.”

Nilizungusha huku nikilia, waya ukinikata vidole, naye akinifuata nyuma. Leo najua makaa hayakumwogopa mtu. Yalitaka kwenda zake moja kwa moja. Waya ule ndio uliokuwa ukiyarudisha kwangu.

Jikoni nililitua kopo, nikapiga magoti.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema, akiuficha unyayo wake mtupu chini ya kanga.