Tanuri Lililogoma Kuwaka

Kiberiti alibandikwa jina hilo tangu utotoni, na siku hiyo hasira zilimpanda mpaka birika la maji likachemka mezani pake bila kuguswa. Asiyeamini shauri yake.

Alikuwa mwandishi wa programu kwenye karakana ya matanuri ya mikate. Kazi yake ilikuwa maktaba ya pamoja, yaani kile kipande cha programu kinachosoma joto la tanuri, ambacho viwanda saba vya mikate vilikiazima badala ya kila kimoja kujiandikia chake. Programu ya kiwanda cha saba iliandikwa na shemeji yake, mume wa dada yake, mwanamume anayepiga pasi hadi soksi.

Asubuhi hiyo tanuri la saba liligeuza mikate kuwa makaa. Meneja wa karakana akamwita Kiberiti kiwandani, akamsimamisha mbele ya waokaji wote, akamwambia maktaba yake imeoza, na tanuri lisipopona kufikia kesho, unga wake umemwagika. Shemeji alikuwapo. Alijikuna kidevu.

Kiberiti akaifungua kazi ya shemeji, akakuta uozo wenyewe. Maktaba iliacha nafasi kati ya namba na namba. Shemeji, ili programu yake ionekane nyepesi, aliiamuru kompaila, ile mashine ya kugeuza maandishi kuwa programu, izibane namba zote kama samaki wa mkebe. Basi maktaba ilipoweka joto mahali pake, programu ilichungulia pembeni, penye nafasi tupu, ikaona sifuri. Tanuri likadhani limepoa, likazidi kuwaka.

Alipomkabili, shemeji alimvutia kwenye korido akaanza kumbembeleza: aijenge maktaba upya kwa mipangilio ile ya kubana, yaishe kifamilia, dada mtu asijue.

"Na yale matanuri sita mengine?"

"Hayo yanakuhusu nini, shemeji?"

"Yakiunguza, nani atasimamishwa mbele za watu? Wewe utakuwa unajikuna kidevu."

Akarudi kwenye kiti chake akiwa amefura. Akaiwekea maktaba bawabu mlangoni: kila programu ikiingia itaje kwanza vipimo vyake vya nafasi za namba, na visipolingana, hakuna huduma. Akampelekea shemeji, naye akaiunganisha bila kuisoma.

Kesho yake meneja akabonyeza kitufe. Tanuri kimya. Kwenye skrini paliandikwa: "Siwashi. Programu hii imebana namba, mimi sikubana."

Meneja alisoma mara mbili, kisha akamgeukia shemeji, ambaye jasho lilimtoka ndoo mbili na nusu. Shemeji akaketi juu ya gunia la unga, akaifuta amri yake ya kubana, akaijenga programu upya huku Kiberiti akimpumulia kisogoni.

Tanuri likawaka, mikate ikatoka rangi safi. Meneja akanyoosha mkono, mambo yaishe. Kiberiti akaificha mikono yake mgongoni.

"Jana ulinitukana kwa sauti, bosi. Niombe radhi kwa sauti hiyo hiyo, hawa wote wasikie."

Meneja akakohoa, akatazama saa. Waokaji wakaacha kukanda. Mikate ikaanza kupoa, na Kiberiti bado amesimama palepale, anangoja.